Kimya Nilichokuwa Nikikiruka

Mimi ndiye mwanaume aliyesimama uani kwa mama mkwe wake akakoroma.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama wima, shati nimelipiga pasi mwenyewe, soda mkononi. Mbele yangu walikaa shemeji zangu wote, pamoja na wageni waliokuwa wameleta mbuzi kumposa dada mdogo wa mke wangu. Nyama ilikuwa haijaiva, watu wamechoka kungoja, na shemeji mmoja akapaza sauti: "Musyoka, hebu tuigizie mkeo Nduku akilala!" Mtu aliyelelewa vizuri angecheka kidogo kisha aulize chumvi iko wapi. Mimi niliweka soda chini.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni ile haya ya heshima kati ya mwanaume na mama mkwe wake. Humkodolei macho, humpigii kelele, na mambo ya chumbani hayafiki masikioni mwake. Mimi nilikibeba chumba kizima nikakimwaga uani kwake. Nimeombwa na wengi nieleze jinsi mke wangu alivyopona, na siwezi kueleza bila kuanzia hapo kwenye upumbavu wangu, kwa sababu ndipo tiba ilipoanzia.

Lakini kwanza mjue tulivyokuwa.

Tunakaa Machakos mjini, ploti iliyo nyuma ya soko. Kazi yangu ni kupiga msasa vinyago. Vinakuja kwa gunia kutoka Wamunyu vikiwa na makovu ya patasi, navisugua, navipaka rangi ya viatu na nta, vinarudi vikimeta. Twiga, vifaru, vijiko vya saladi. Naifanyia mlangoni kwangu, juu ya kigoda, na kusema kweli ningeweza kukaa hapo mwaka mzima bila kuiona lami. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na sijaona sababu ya kutoka tena.

Anayetoka ni Nduku. Yeye ni mpishi katika shule moja ya msingi pembeni ya mji. Zamani alikuwa mwanamke wa mbio. Tukienda kanisani yeye yuko mbele, mimi nyuma nikihema, hata siku ya arusi ilikuwa hivyo. Akiosha vyombo anaimba. Akigombana anagombana huku akipika, na chakula hakiungui.

Siwezi kusema ugonjwa ulianza siku gani, maana haukupiga hodi. Ulianza na kukoroma, na kukoroma kwetu ni kichekesho. Kukoroma kwake kulikuwa kama mtu anayeburuta meza ya mbao sakafuni. Binti yetu Mutheu akija likizo alikuwa akihamisha godoro lake kutoka chumba cha pili hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi jikoni. "Baba, nihamie wapi tena, barabarani?" Jirani yetu Mama Njeri, mama wa kutoka Murang'a anayeuza viazi sokoni, tunatengwa naye na ukuta mmoja tu. Asubuhi alikuwa akinisalimia: "Trekta imelala salama?"

Nami nikaanza kuigiza. Nina kipaji hicho, sikatai. Naanza chini, napandisha, natetemesha mdomo, namalizia na filimbi. Kwa fundi wa vinyago niliigiza, kwa kinyozi niliigiza. Mtu akiniuliza kama mimi mwenyewe sikoromi, nilimwambia nalala kama kinyago changu, kimya na nimepakwa nta.

Kisha uchovu ukaja. Nduku alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala. Kichwa kinamgonga, mdomo umekauka hadi ulimi unashikana na meno. Usiku alikuwa akienda msalani mara nyingi. Kanisani alilala kabla ya somo la kwanza. Alilala akichambua maharagwe, alilala simu ikiwa sikioni huku dada yake akiendelea kuongea. Alianza kusahau majina ya watu. Alinenepa, shingo ikajaa. Na yule mgomvi wangu mchangamfu akawa mgomvi wa kweli. Nikimuuliza amechoka na nini, anajibu, "Kuishi na wewe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Niligeuka daktari wa mlangoni. Nilisema ni damu kupungua, nikampa maini na kiazisukari chekundu. Nikasema ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, anaokula jioni, nikampunguzia. Mzee mmoja akaniambia tatizo ni kulala chali, basi nikachukua kifaru kidogo cha mti kilichovunjika pembe, nikakifunga kwa leso mgongoni mwa gauni lake la kulalia. Alipojaribu kugeuka chali kikamchoma, akakifungua, akanirushia. Bado nina alama juu ya nyusi. Wateja huniuliza, nawaambia niliumizwa na mnyama wa porini.

Mzaha uliishia jikoni mwa shule. Alikuwa amesimama kando ya sufuria kubwa ya uji, mwiko mkononi, akalala. Akiwa amesimama! Mwenzake alisema alimwona tu anainama polepole kama mtu anayetaka kuchungulia. Mkono ukaingia hadi karibu na kiwiko. Alipoletwa nyumbani ulikuwa umejaa malengelenge makubwa kama mayai ya kwale, na siku zilizofuata ngozi ilibambuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole apumzike mpaka apone. Nduku akaniambia, "Mkono utapona. Lakini nikirudi nitalala tena. Siku nyingine sitaingiza mkono, nitaingia mimi."

Nikamwambia asiseme hivyo. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, asiseme hivyo.

Ni katika siku hizo, mkono ukiwa bado kwenye bendeji, tulipokwenda kwao kwa hayo mambo ya mbuzi.

Sasa nirudi uani. Niliigiza vizuri kuliko siku zote. Nilipandisha, nikatetemesha, nikapiga filimbi. Watu walianguka kwa kicheko, mgeni mmoja akapaliwa na soda. Na kichekesho kikubwa zaidi, nilipotulia kuvuta pumzi, Nduku mwenyewe alijibu. Alikuwa amelala kwenye gunia la mahindi kando ya mlango wa jikoni, na mkoromo wake ukaja kutoka nyuma yangu kama kiitikio. Watu wakapiga makofi. Nikainama kama msanii.

Kisha Ndinda, dada wa kumfuata Nduku, akatoka jikoni akanivuta shati. Hakuwa anacheka.

"Mwaitu ana neno," akasema. Mwaitu ni mama. Mama mkwe wangu hawezi kuniita akaniambia, nthoni hairuhusu. Ameketi nyuma ya ukuta wa jikoni, nami nje, na Ndinda katikati kama simu.

"Anasema nini?"

"Anasema, umwambie huyo mwanaume kwamba baba ya Nduku alikuwa akikoroma hivyo hivyo. Na alikuwa akilala mchana hivyo hivyo. Tukamcheka hivyo hivyo."

Ndinda akatega sikio ukutani, akaendelea.

"Na asubuhi moja hakuamka. Hakuwa mgonjwa."

Nilijua baba mkwe alikufa kabla sijaoa. Niliambiwa ni moyo. Hakuna aliyewahi kuniambia moyo huo ulikuwa ukikoroma.

Kutoka nyuma ya ukuta mama akasema kitu kwa sauti ya chini. Ndinda akasikiliza, akanigeukia. "Anasema, kama unajua kumwigiza vizuri namna hiyo, basi umekuwa ukimsikiliza. Umesikia nini?"

Nyama iliiva, ikagawanywa, sikuionja.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Nduku alijinyoosha kwenye kochi, jua linaingia dirishani, nami nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya. Niliketi kwenye kigoda changu nikamtazama. Sikumsikiliza tu, nilimtazama.

Alikoroma. Akapandisha. Kisha sauti ikakatika. Hapo ndipo mimi siku zote niliporuka katika maigizo yangu, kwa sababu kimya hakichekeshi mtu. Nikaangalia kimya hicho. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka, tumbo likivutwa ndani, mshipa wa shingo umesimama, lakini hewa haikuwa ikipita. Nilisogeza kiganja puani mwake. Hakuna kitu. Midomo ikaanza kupoteza rangi. Nilitaka kumwamsha na mkono ukakataa kusogea. Halafu akashtuka mwili mzima, akavuta hewa kama mtu aliyeibuliwa kisimani, akatafuna mate, akaendelea kulala. Hakufungua hata macho. Mara trekta ikawaka tena.

Nilitoka nje. Mama Njeri alikuwa akichambua viazi mlangoni kwake.

"Mama Njeri, wewe ukisikia Nduku amenyamaza, unafanyaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo maji yana unyevu. "Mimi? Naomba. Naanza Baba Yetu. Kawaida nikifika 'mkate wetu wa kila siku' anapumua, nageuka nalala. Siku zingine namaliza mpaka amina, naanza Salamu Maria."

"Na hujawahi kuniambia?"

"Haiya! Si wewe ndiye unalala hapo? Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana unacheka, ati umeshazoea."

Tangu siku hiyo mimi sikulala. Nilijilaza kando ya mke wangu na kiganja changu kikiwa karibu na pua yake, nikiomba Baba Yetu hadi mkate, na kila nilipopita mkate bila pumzi nilimsukuma. Yeye aliamka amekasirika, mimi niliinuka nimekuwa majivu. Mchana nilisugua twiga mmoja mpaka akabaki bila masikio. Nilikuwa naogopa usiku kama mtoto. Nilikuwa naogopa hata usingizi wangu mwenyewe, kwamba nikisinzia ndipo itakuwa ile asubuhi ya baba yake.

Nikamwambia twende hospitali. Alikataa.

"Nikasemeje? Ati naugua kukoroma? Watacheka. Wewe umewafundisha watu wote kucheka, sasa unataka nikachekwe na madaktari?"

Nikamwambia, "Basi nitaenda nikasimulie mimi. Nichekwe mimi."

Tulianza kwa kliniki ya karibu. Nesi akampima presha, akapima tena, akabadilisha mkono, akapima tena. Ilikuwa juu sana kwa mwanamke wa umri wake. Akatuandikia twende hospitali kubwa, na huko, baada ya benchi na benchi nyingine, tukaingia kwa daktari mmoja mama, mfupi, miwani imeshuka puani.

Akauliza maswali. Unalala? Nalala sana. Unaamkaje? Kama nimelima. Akamfungulisha mdomo, akamulika kooni, akapima shingo kwa utepe wa fundi cherehani. Kisha akanigeukia mimi.

"Anakoroma?"

"Sana, daktari."

"Anakoromaje? Nieleze."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kueleza. Nilimtazama Nduku. Akafumba macho, akasema, "Haya, fanya. Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Nikaigiza, palepale, mbele ya daktari na mwanafunzi wake wa udaktari aliyekuwa amesimama na faili. Mwanafunzi akauma mdomo asicheke. Daktari hakucheka hata kidogo.

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ananyamaza, halafu anaanza tena."

"Hapana. Usiruke. Rudia, na ukifika mahali pa kunyamaza, unyamaze kama yeye."

Nikarudia. Nilipofika pale, nikafunga mdomo na kuziba pua. Nikaanza kuomba moyoni. Uliye mbinguni. Jina lako litukuzwe. Chumba kilikuwa kimetulia, nasikia mtu anakohoa huko nje kwenye benchi. Ufalme wako ufike. Kifua kikaanza kunibana. Nilipokaribia mkate nilikuwa naona nyota, na nikaachia, nikavuta hewa kwa ile sauti yake ya kisima. Sikuwa nimeigiza sauti hiyo. Ilitoka yenyewe.

Nduku alikuwa amefungua macho. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipojiona amelala.

"Hivyo ndivyo ninavyofanya?" akauliza.

"Ndivyo."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Mara nyingi."

Akanishika mkono kwa ule mkono wenye kovu. Daktari akavua miwani. "Mama," akasema, "wewe si mvivu. Wewe hujalala miaka."

Akatueleza vizuri. Ukilala, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Mwili unakosa hewa, ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo tu upumue, nawe hukumbuki. Kisha tena, na tena, mpaka kuche. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma, presha, kusahau, kwenda msalani, hasira. Na moyo unachoka. Nduku akamwambia habari za babake. Daktari akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mmekuja. Hilo ndilo muhimu."

Nikaungama pia habari za kifaru. Hapo ndipo alipocheka. "Wazo la kumzuia kulala chali si baya," akasema. "Kosa ni kifaru. Ungeweka mpira."

Alipimwa akiwa amelala, kidole kimefungwa kidude na mikanda kifuani, na majibu yakathibitisha. Tiba yake ni mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye bomba na barakoa ya kuvaa puani usiku. Jamaa wa pande zote mbili walichanga, na mchango wa kwanza ulitoka kwa mama mkwe, kupitia Ndinda, kama kawaida.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Usiku wa kwanza Nduku aliivaa, akanigeukia, nikashtuka nikaangusha taa. Alisema anahisi kama amelala na kichwa nje ya gari linaloenda. Ilimkwaruza pua, ikampa kidonda kwenye mwamba wa pua, tumbo likajaa hewa akabeua hadi asubuhi. Mara mbili aliivua akaitupa chini ya kitanda, akalia, akasema afadhali afe kama babake kuliko kulala na bomba. Mara zote mbili niliitoa, nikaifuta, nikamrekebishia mikanda. Nina vidole vya subira, hiyo ndiyo faida ya kuolewa na mpiga msasa. Tena, stima ikipotea, na mnajua stima zetu, nilikaa macho na kiganja changu puani mwake, nikirudi kwenye Baba Yetu mpaka irudi.

Kisha asubuhi moja nikasikia kitu jikoni. Vyombo vinagongana, na mtu anaimba. Nilibaki kitandani nikasikiliza, nikaogopa kusogea, kana kwamba nikisogea kitakatika. Akaja mlangoni akiwa na kikombe. "Musyoka, utaamka saa ngapi? Wewe ni mtu mvivu hivi, uvivu huo ulikuwa umeuficha wapi?"

Presha imeshuka, ingawa dawa bado anameza. Amepungua kidogo mwili, jioni anatembea, mimi nyuma nikihema. Amerudi kwa sufuria zake. Mwenzake wa jikoni ananiambia siku hizi shida ni moja, haachi kuongea.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari aliyenikataza kuruka. Namshukuru mama mkwe, ambaye siku tuliyorudi kumsalimia alipita karibu na kiti changu, akitazama kando kama nthoni inavyotaka, akaweka mbele yangu sahani ya nyama, badala ya ile ambayo sikula. Nilikula yote.

Nanyi mnaonisikiliza, ushauri wangu ni mfupi. Mtu wako akikoroma, cheka kidogo ukitaka, lakini usilale kabla hujasikiliza mahali anaponyamaza. Akichoka kila siku, usimwite mvivu. Akiamka na kichwa kinauma, mpeleke apimwe presha. Usimfunge mnyama mgongoni. Na kama unaona aibu kueleza hospitalini, igiza, lakini igiza yote.

Nilifikiri ushuhuda wangu umeishia hapo. Juzi niliketi mlangoni nikimpaka nta twiga, Mama Njeri akapita na ndoo ya viazi. Nikamwambia kwa majivuno, "Mama Njeri, sasa si unalala? Trekta tumeipeleka gereji."

Akaweka ndoo chini, akashika kiuno.

"Baba Mutheu, Nduku amepona, tena zamani. Hiyo trekta naisikia siku hizi ni yako, na katikati inazimika, mpaka jana nimemaliza Baba Yetu nikaanza Salamu Maria. Sasa wewe, nani ataenda kukuigiza kwa daktari?"